Uzi: Filamu ipi ya nyeusi na nyeupe inafaa jua letu la Arusha na Moshi, kamera ikiwa mkononi bila stendi?

Kivuli cha Meru (Arusha), mwanzisha uzi

Wakuu, habari za leo.

Kila anayeanza kupiga filamu huku kwetu anaambiwa hivi: jua la Tanzania ni kali, tafuta filamu yenye ISO (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga) ndogo kabisa unayoweza kuipata, umemaliza. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo inayoharibu mikanda ya watu. Filamu ni ghali, haiuzwi kila duka, na mkanda mmoja una picha 36 tu. Tujadili jambo hili kwa kina.

Ninachoongelea ni matembezi ya kawaida. Kamera ya 35mm iko shingoni, huna stendi, unatoka Mnara wa Saa unashuka hadi Soko Kuu, au uko Moshi unazunguka stendi ya mabasi na Double Road, jua likiwa limewaka kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Siongelei picha za studio wala za usiku.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga asihangaike kuutafuta. Filamu ya kukaa nayo siku zote kwa jua hili ni ya ISO 100 au 125. Mimi natumia Ilford FP4 Plus, na mbele ya lenzi kuna filta ya njano. ISO 400 ina kazi yake, nitaifikia. ISO 50 ndiyo ninayoipinga kwa matembezi, japo ukiangalia hesabu peke yake ndiyo ingeonekana kufaa kuliko zote.

Sasa hesabu. Kwenye jua kali, ukiweka tundu la lenzi f/16, kasi ya shata inakuwa sawa na namba ya ISO. FP4 Plus ni 125, kwa hiyo 1/125 ya sekunde kwa f/16. Fungua hatua moja, yaani mwanga uingie mara mbili, unapata 1/250 kwa f/11. Fungua tena, 1/500 kwa f/8. Lenzi nyingi za milimita 50 zinatoa picha kali zaidi kati ya f/5.6 na f/8. Ukifika f/16 mwanga unaanza kutawanyika kwenye kingo za lile tundu dogo na ukali unalegea. Filta ya njano inakula hatua moja, kwa hiyo unabaki na 1/250 kwa f/8, au 1/500 kwa f/5.6. Hapo mkono hautikisi picha, mtu anayetembea anaganda, na lenzi iko mahali pake pazuri.

Chukua ISO 400 kwenye jua lile lile: 1/500 kwa f/16. Kamera yako ikiishia 1/1000, kama Pentax K1000 au Canon AE-1, mwisho wako ni f/11. Ikiishia 1/500, kama Zenit E, umebanwa f/16 mchana kutwa. Kila picha itakuwa na kila kitu wazi kuanzia puani mwa mtu hadi bango la duka nyuma yake, na huwezi kumtenga mtu na vurugu za barabarani hata ukitaka.

Basi mbona nisiende ISO 50, nipate f/4 kwa 1/1000? Kwa sababu jua letu lina tatizo la pili ambalo watu hawalihesabu. Mwanga upo wa kutosha, ila umbali kati ya weupe na weusi ni mkubwa mno. Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta. Wiki ya pili ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa, na miezi mingine halikai mbali sana na hapo. Halafu saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki wakati Arusha iko karibu nyuzi 36.7, kwa hivyo jua linafika juu kabisa yapata saa sita na nusu, si saa sita kamili. Saa hizo macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi, kofia inafunika uso mzima, na ukuta wa chokaa unang'aa. Kati ya upande wa jua na kivuli cha wazi kuna hatua 3 hadi 4.

Ilford Pan F Plus, ambayo ni ISO 50, ina chembe (punje zinazounda picha) ndogo za kupendeza, lakini kwa tabia yake inazidisha tofauti hiyo. Ukiipeleka jua la saa saba unapata weupe usio na kitu ndani na weusi usio na kitu ndani. Tena haipendi kukaa muda mrefu baada ya kupigwa kabla ya kusafishwa, picha iliyojificha ndani inafifia. Kwetu huku, ambako wengi tunakusanya mikanda ndipo tuisafishe kwa pamoja, hilo ni jambo la kulifikiria kabla ya kulipa.

FP4 Plus inavumilia. Ukiipa mwanga wa ziada hatua moja au hata mbili bado negativu inatoa picha nzuri. Ndiyo maana naipenda. Naomba michango.

Mdau wa Rau (Moshi)

Mkuu, uzi mzuri, lakini mimi napinga. Ninatembea na HP5 Plus, ile ya Ilford yenye ISO 400, mwaka mzima, na sababu yangu ni soko la Mbuyuni.

Pale hakuna jua wala kivuli, vyote vipo kwa pamoja. Hatua mbili uko juani, hatua mbili uko chini ya turubai, mama anapima mchele, nyuma yake kuna mwanya unaoingiza jua kama kisu. Chini ya turubai zito ISO 125 inakupa kama 1/60 kwa f/2.8. Mama hatulii akusubiri, mkono wake unatikisika, wako nao unatikisika. ISO 400 inakupa 1/250 pale pale.

Na kuhusu kubanwa f/11, mimi naona ni faida. Nina lenzi ya milimita 35. Nikiweka f/11 na fokasi mita 4, kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi Kibo kinakaa wazi. Sigusi fokasi tena. Nainua kamera, nabonyeza, nashusha. Kwa picha za mtaani hakuna kinachoshinda hiyo.

Kivuli cha Meru

Mdau, kwenye soko nakubaliana nawe moja kwa moja, na ungekuwa hukusema ningesema mwenyewe. Soko Kuu na Kilombero ni vile vile.

Ila ninakuomba ujaribu HP5 kwa namna nyingine. Weka kipimo cha kamera kwenye 200 badala ya 400, halafu wakati wa kusafisha punguza muda kwa asilimia 15 hadi 20. Mwanga wa ziada unaingia kwenye vivuli na kuvipa kitu cha kuonyesha, muda mfupi kwenye dawa unazuia weupe usipae. Hiyo ndiyo tiba ya jua letu, na ndiyo sababu siku hizi sioni aibu kumwambia mtu abebe filamu ya 400 mchana. Ukiwa na filta ya njano unakuwa 1/500 kwa f/8 juani. Ukiingia chini ya turubai, fungua filta, weka mfukoni, una 1/125 kwa f/2.8. Umeitumia filta kama breki.

Kwa mtu atakayebeba mkanda mmoja tu na hajui siku itampeleka wapi, HP5 kwa 200 ni jibu zuri. Kwa mtu anayejua atakuwa nje, barabarani, shambani, kanisani uani, bado nasema FP4.

Mdau wa Rau

Hiyo ya kuipiga 200 na kupunguza muda nimeisoma sehemu ila sijawahi kuifanya kwa makusudi. Nitajaribu mkanda ujao. Lakini f/11 yangu siiachi.

Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Wakuu naomba kuuliza. Kaka yangu kaniachia Olympus Trip 35. Haina sehemu ya kuchagua kasi ya shata, yenyewe inaamua. Huu ushauri wa 1/500 unanihusu?

Fundi Lenzi (Arusha)

Dogo, una kamera nzuri sana, itunze. Trip 35 ina kasi mbili tu, 1/40 na 1/200, na tundu linaanzia f/2.8 hadi f/22. Juani inachagua 1/200. Sasa fanya hesabu: filamu ya 400 juani kwa 1/200 inataka f/22, yaani umefika ukutani, mwanga ukizidi kidogo tu kwenye mabati au mchanga huna pa kwenda. Filamu ya 100 au 125 inataka kati ya f/11 na f/16. Kwa kamera hii ISO 100 au 125 ndiyo jibu, wala usisumbuke na ubishi wa hawa wakubwa wawili.

Jambo la pili, na ni zuri: kipima mwanga chake ni ile duara yenye mapovu ya kioo inayozunguka lenzi. Ukifunga filta, inafunika lenzi na kipimo kwa pamoja, kwa hiyo kamera inajirekebisha yenyewe. Hupigi hesabu ya hatua.

Kwanza lakini hakikisha kipimo kinafanya kazi. Hakitumii betri, ni seleniamu, inazalisha umeme wake kutokana na mwanga, na ikichoka imechoka. Funika lenzi kwa kiganja, bonyeza: bendera nyekundu itokee kwenye kioo cha kutazamia na shata ikatae. Elekeza juani: ikubali. Ikifaulu hapo, nunua mkanda.

Chalii wa Ngarenaro

Asante sana fundi. Bendera inatokea. Kuna tofauti ya maana kati ya FP4 na hizi za bei nafuu?

Fundi Lenzi

Ipo, ila isikuzuie kuanza. Kentmere 100 inatengenezwa na kampuni ile ile ya Ilford, Harman, huko Uingereza. Ni filamu ya kweli. Kasoro yake juani ni mng'ao unaovuja kuzunguka vitu vyeupe sana, mfano kanzu iliyopigwa jua la saa saba. Wapo wanaoupenda. Fomapan 100 ya Jamhuri ya Czech nayo ni nzuri juani, ina sura ya picha za zamani. Fomapan 400 usiiamini namba yake, wapigaji wengi wanaipiga kwa 200 au 250 na ndipo inatoa vivuli.

T-Max 100 ya Kodak ina chembe ndogo kuliko zote hizi na ukali wa ajabu, lakini inataka usafishaji wa uangalifu. Ukizidisha dakika au joto, weupe unapaa haraka. Ukishakuwa na mkono mzuri wa kusafisha, rudi kwayo.

Dada wa Vihamba (Marangu)

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi napiga zaidi watu: ndugu kwenye sherehe, akina mama kahawani, watoto wa kipaimara. Kinachonisumbua si ISO, ni nyuso. Gauni jeupe linatoka vizuri na uso wa mtoto unatoka mweusi tii hadi macho hayaonekani. Filamu ni FP4 hiyo hiyo mnayoisifia.

Kivuli cha Meru

Dada, hili ndilo lilipaswa kuwa katikati ya uzi, ahsante kwa kulileta.

Kipima mwanga cha kamera hakijui unapiga nini. Kila kinachokiona kinadhani ni kijivu cha katikati. Kikiona gauni jeupe na ukuta mweupe na anga, kinasema mwanga ni mwingi, kinafunga, na uso wa mtoto wetu, ambao ngozi yake ni nyeusi, unasukumwa chini kwenye kiza. Filamu haijakosea. Kipimo ndicho kimekosea. Na upande mwingine, ukisogea ukapima uso mweusi peke yake ukajaza kioo chote, kamera itataka kuufanya kijivu cha katikati, itaachia mwanga kupita kiasi na gauni litaungua.

Njia ninayoitumia: nageuza kiganja changu kwenye mwanga ule ule uliompiga mtu, napima kiganja, kisha nafungua hatua moja. Viganja vya watu havitofautiani sana hata ngozi zikitofautiana, na kwa kawaida ni vyeupe kuliko kijivu cha katikati kwa kama hatua moja. Nikishapata namba hiyo siangalii tena kipimo hadi mwanga ubadilike. Namba naziweka mwenyewe kwa mkono, siyo kwa otomatiki.

Filamu ya negativu inaumia mwanga ukipungua kuliko ukizidi. Kivuli kisichopata mwanga hakina kitu, hata uskani vipi. Weupe uliozidi mara nyingi bado uko ndani ya negativu, mzito tu, unaweza kuuvuta. Kwa hiyo kwa ngozi zetu juani, ukiwa na shaka, ongeza nusu hatua. Hii ndiyo sababu kubwa ya kukataa Pan F kwa sherehe: haina nafasi ya kukosea.

Na ikiwezekana mtoe mtoto juani. Chini ya mgomba wenye nafasi, au barazani ambako mwanga unarudi kutoka kwenye uwanja, kuna f/4 kwa 1/125 ya FP4 bila filta, uso umejaa mwanga laini, macho yanang'aa. Udongo mwekundu wa uwanjani unarudisha mwanga usoni kutoka chini, unafuta vile vivuli vya machoni.

Dada wa Vihamba

Nimeelewa. Na filta ya njano kwa ngozi, inafaa? Na kwenye kahawa na migomba kila kitu kinakuwa kijivu kimoja.

Fundi Lenzi

Niingilie hapo. Filta inapitisha rangi yake na kuzuia iliyo kinyume chake. Njano inazuia bluu, ndiyo maana anga inashuka na mawingu yanatokea. Kwa ngozi haina madhara, inalainisha kidogo. Rangi ya machungwa inakula kama hatua 2, nyekundu inakula 3, na zote mbili zinapandisha ngozi kuwa nyeupe kuliko ilivyo, kwa picha za watu sizipendi.

Kwa shamba lako tafuta ya njano-kijani. Inayainua majani, mgomba unatengana na kahawa, na ngozi inabaki na uzito wake. Nyekundu shambani inafanya kijani kuwa cheusi, utajuta.

Na kwa wale wa huku Arusha wanaopiga wafugaji: shuka jekundu na nyasi mbichi vinaweza kutoka kijivu kimoja kabisa kwenye filamu hii, ingawa kwa macho vinapigana. Filta nyekundu inalifanya shuka kuwa karibu jeupe na nyasi kuwa nyeusi. Ya kijani inafanya kinyume chake. Chagua kabla ya kubonyeza, na umwombe mtu ruhusa kabla ya yote hayo.

Mzee wa Studio (Moshi)

Vijana wangu, mmeongea mambo mazuri. Nimefanya kazi ya studio miaka mingi wakati picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na ninaona mmezungumza mno habari ya filamu na kidogo mno habari ya maji.

Filamu yoyote mtakayochagua, mtaiharibu kwenye maji. Muda ulioandikwa kwenye karatasi ya FP4 Plus na dawa ya ID-11, ukichanganya sehemu moja ya dawa na moja ya maji, ni dakika 11. Hizo ni dakika 11 kwa nyuzi 20 za Selsiasi. HP5 Plus kwa dawa hiyo na mchanganyiko huo ni dakika 13. Maji ya bomba la Moshi mchana wa Februari hayako nyuzi 20. Kijana anachota, anamimina, anahesabu dakika 11, anatoa negativu nzito nyeusi kama chungu, kisha analaumu jua au analaumu filamu. Tofauti yote ile ya jua mnayoilalamikia, nusu yake inatengenezwa jikoni.

Chukua beseni, weka maji na chupa za barafu, simamisha humo chupa zote, ya dawa, ya kusimamisha na ya fiksa, hadi kipimajoto kiseme 20. Barafu isiingie ndani ya dawa yenyewe. Kama huna barafu, pima joto lililopo na upunguze muda. Kwa makadirio, kinachochukua dakika 8 kwa nyuzi 20 kinachukua kama dakika 5 na nusu kwa nyuzi 24. Usishuke chini ya dakika 5, dawa haitatembea sawasawa na utaona mabaka kwenye anga. Ndiyo maana kuizimua dawa ni jambo jema huku kwetu, muda unakuwa mrefu na una pa kupunguzia.

Na tangi msilitikise kama mnachanganya juisi. Kwa picha za jua kali, geuza taratibu mara chache kila dakika. Weupe unapumzika, vivuli vinaendelea kufanya kazi.

Kivuli cha Meru

Shikamoo mzee. Nimefurahi umepita hapa. Naomba nikuulize, vumbi la kukaushia mlilishindaje? Kiangazi mikanda yangu inakauka na vidoa.

Mzee wa Studio

Marahaba mwanangu. Bafuni. Mwagia maji ya moto kwanza, mvuke ushushe vumbi, toka, funga mlango, subiri, ndipo utundike mkanda na kibanio kizito chini. Usiwashe feni. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochemshwa na kuchujwa na tone dogo la dawa ya kutelezesha maji. Usifute kwa kitambaa.

Dada wa Vihamba

Shikamoo mzee, na mimi nashukuru. Sina nafasi ya kusafisha nyumbani. Nikituma kwa wanaosafisha filamu za rangi watanipokea?

Mzee wa Studio

Marahaba binti yangu. FP4 na HP5 hapana, dawa ya rangi itafuta picha zako zote. Iko Ilford XP2 Super, ISO 400, hiyo ni nyeusi na nyeupe lakini imetengenezwa isafishwe kwa dawa ile ile ya filamu za rangi, C-41. Anayesafisha rangi anaisafisha bila kubadilisha kitu.

Kivuli cha Meru

Na kwa jua letu XP2 ni rafiki. Ukiipiga kwa 200 chembe zinapungua badala ya kuongezeka, na usafishaji unabaki ule ule, huhitaji kumweleza fundi chochote. Weupe haupasuki kirahisi. Kwako dada, kwa gauni jeupe na ngozi nyeusi kwenye picha moja, pengine ndiyo inayokufaa kuliko hata FP4. Kama kamera inasoma ISO yenyewe kutoka kwenye mkebe, ongeza hatua moja kwenye kile kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga.

Mdau wa Rau

Kabla uzi haujalala: Kibo. Nimepiga mlima na HP5 bila filta na theluji imeyeyukia kwenye anga, huoni mpaka.

Fundi Lenzi

Filamu hizi zinaiona bluu vizuri sana, kwa hiyo anga inatoka nyeupe karibu sawa na theluji. Njano inatosha asubuhi anga ikiwa safi. Machungwa ukungu ukianza kuingia, inaukata. Ukipanda hadi Horombo, mita 3,720, anga yenyewe ni nzito, rudi kwenye njano, ukiweka nyekundu kule anga inakuwa nyeusi kabisa. Na usipime theluji ukaiamini namba, fungua hatua moja na nusu.

Kivuli cha Meru

Niongeze saa na msimu, maana filta haiumbi mwanga. Kutoka Moshi mlima uko kaskazini. Asubuhi jua liko mashariki, linaupiga ubavuni, mabonde yanaonekana, na sehemu ya anga unayoitazama iko pembeni ya jua, ambako bluu ni nzito, filta inafanya kazi yake yote. Saa nne mara nyingi mawingu yameshaufunika. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana linapita kusini yetu, linaupiga mlima usoni. Juni na Julai linapita kaskazini, unapiga ukiwa umelielekea, na miezi hiyo mawingu ni mengi hata hivyo. Mimi ningeshika Januari na Februari, saa moja hadi saa tatu asubuhi, FP4, filta ya machungwa, 1/125 kwa f/8. Jua likiwa bado chini sana fungua hatua moja.

Chalii wa Ngarenaro

Shangazi anakuja kutoka Uingereza mwezi ujao kupitia KIA, nimemwagiza FP4 mbili na filta ya njano. Mionzi ya uwanja wa ndege itaziharibu?

Fundi Lenzi

Mwambie aziweke kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende kwenye mzigo wa chini, mashine za kule ni kali zaidi. Viwanja vikubwa siku hizi vina mashine mpya za CT hata kwa begi la mkononi, na hizo zinaumiza filamu. Azitoe kwenye makasha ya karatasi, aziweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani, aombe kwa upole zikaguliwe kwa mkono. Wakikataa na mashine ni ya zamani, ISO 125 itapita salama.

Zikifika, weka kwenye friji ndani ya mkebe wake, na uzitoe saa chache kabla ya kuzifungua ili unyevu usigande juu yake. Usiache kamera kwenye dashibodi ya gari. Filta ya Trip hiyo ni ya milimita 43.5, mwambie shangazi aangalie namba kabla ya kulipa, ya 43 haiingii.